Maji ya Safarini

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni. Nje bado giza. Bibi mshonaji alikuwa anachemsha maji ya safari.

Dada yake alikuwa amepasuliwa jicho, na leo angetoka hospitali. Anaishi peke yake. Wiki ya kwanza alihitaji mtu wa kumtia dawa. Lakini mara ya mwisho mshonaji alipokwenda kwake, alifika akiharisha. Siku tatu mgeni aliuguzwa na mwenyeji.

"Safari hii siugui," alijiambia.

Jirani yake, muuguzi, akapiga hodi. Alifuata gauni lake la kazi alilompa amshonee. Alimkuta mshonaji akimimina kikombe cha maji ya ndoo ndani ya yale ya moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Nayapoza, mwanangu. Basi linaondoka saa moja."

"Hayo ya ndoo yamechemshwa?"

"Ya bomba. Kidogo tu."

Muuguzi akakaa kwenye kigoda. "Hicho kidogo ndicho kinachokulaza. Vijidudu umeviua kwa moto, kisha umeingiza vingine kwa kikombe."

Mshonaji akaweka kikombe chini. "Kumbe miaka yote najiroga mwenyewe."

"Wengi wanafanya hivyo, mama. Tuyachemshe tena mpaka yatokote. Halafu sufuria tuikalishe ndani ya beseni la maji baridi, kifuniko juu. Yatapoa bila kuchanganyika."

Kazini walikuwa wanamsubiri, lakini muuguzi hakuondoka. Aliosha chupa kwa sabuni, akaisuuza kwa maji ya moto. Akamfungia na kipande cha sabuni.

"Nawa kabla ya kula. Njiani kula chakula cha moto, au tunda unalomenya mwenyewe."

Basi liliposimama njiani, abiria wa kiti cha pembeni alimnunulia juisi yenye barafu.

"Asante, ndugu yangu. Ila barafu nayo ni maji, na sijui yametoka wapi."

"Bibi, wewe ni daktari?"

"Mshonaji. Lakini kuna jicho linaningoja."

Abiria alicheka, akashuka tena, akamletea ndizi.

Alifika mzima. Jioni ile alinawa kwa sabuni, akamtia dada yake tone la kwanza. Hakukosa hata siku moja. Siku ya nane kitambaa cha jicho kiliondolewa, na dada akamtazama kwa macho yote mawili.

"Kumbe umezeeka hivi."

"Nikufunge tena kile kitambaa?"

Walicheka mpaka wakakohoa. Kituoni, dada hakumwachia mkono.

"Mwezi ujao utakuja? Sina tena jicho la kupasuliwa. Njoo tu tukae."