Tangi Lisilojaa

Jioni ile nilitoka kwenda kununua gundi ya silikoni. Ya tatu wiki hiyo! Mwenye duka akacheka, "Fundi, unaziba tangi au unaziba bahari?" Nikalipa, nikachukua gundi yangu nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemtukana.

Miaka ishirini na mbili nimeshika randa. Nimetengeneza vitanda, makabati, milango ya watu wazito. Leo hii nashindwa na kasanduku ka samaki! Mbao chini na pande tatu, kioo mbele, ndani nimepaka rangi ya mafuta mara tatu. Na bado.

Binti yangu wa miaka saba alikuwa na samaki wanne kwenye ndoo. Wawili walishakufa. Tangu mama yake afariki, miezi mitano sasa, mtoto alikuwa haongei na mtu ila hao samaki. Nilimwahidi hawa wawili waliobaki hawatakufa kwenye ndoo.

Kujaribu tangi si kazi. Unajaza maji, unapiga alama ya penseli yalipofikia, unaliacha. Langu nikijaza asubuhi, jioni maji yako vidole vinne chini ya alama. Haya, linavuja. Linavujia wapi? Nilitandika magazeti chini, yakabaki makavu. Nilipapasa kila pembe. Kavu! Nikailaani gundi, nikakilaani kioo, nikamfokea hata dada yangu aliyekuja kutupikia.

"Hasira hasara, kaka," akasema. "Mnunulie mtoto beseni."

Nikaziba upya. Kesho yake, gundi ilipokauka, nikajaza, nikavuta stuli, nikakaa mbele yake. Leo namkamata mwizi.

Kimya.

Halafu... glu.

Glu... glu... Taratibu, kama mgonjwa anavyomeza kwa shida. Ikaja na harufu. Ile dawa ya kupigia deki hospitalini. Maji yakashuka mbele ya macho yangu. Nikaushika ubao wa nyuma.

Ulikuwa na joto la homa.

Ndipo nikakumbuka mbao zile zilitoka wapi. Jeneza la mke wangu nililitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na vipande vikabaki. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa akisema masalia ya jeneza yasilale karakana, yarudishwe kwa mfiwa. Sasa mfiwa si ndiye mimi? Nikayapeleka nyumbani, nikaona nimetimiza.

Siku yake ya mwisho, mke wangu aliomba maji. Nesi alikuwa amekataza mpaka atoke kwenye upasuaji. Tulikuwa wawili tu chumbani. Akaniangalia, akaonyesha chupa yangu. "Kifuniko kimoja tu," akanong'ona. "Nesi hataona."

"Hebu vumilia," nikamkaripia. "Acha utoto."

Hakutoka kwenye upasuaji. Maneno yale sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu.

Nikalijaza tangi tena mpaka kwenye alama, kisha nikachukua kifuniko cha chupa, nikakijaza maji, nikakiweka ukingoni mwa ule ubao. "Haya, kunywa. Nisamehe." Nilijiona mwendawazimu. Asubuhi kifuniko kilikuwa kikavu, na maji ya tangi yako kwenye alama. Tukawatia samaki. Mtoto akabandika pua kwenye kioo, akacheka! Dada yangu nilimdokeza tu kwamba mbao ni za jeneza, akashika kichwa: "Livunje, ulichome moto!" Nitavunjaje kitu kilichomchekesha mwanangu?

Basi ikawa kila jioni, kifuniko kimoja.

Juzi kazi zilinizidi, nikasahau. Asubuhi nikakimbilia tangi. Maji yako pale pale kwenye alama, samaki wanaogelea. Nikashusha pumzi, nikaenda kumwamsha mtoto.

Alikuwa ameketi kitandani, midomo imekauka mpaka imepasuka. Mwili ulikuwa unachemka. Nikamletea kikombe cha maji, akanywa chote. Cha pili, akanywa. Nikaleta jagi, akalimaliza, na midomo ikabaki vile vile. Akaniangalia, akanishika mkono.

"Kifuniko kimoja tu," akanong'ona. "Nesi hataona."