Mzee Aliyepigwa Picha Akila

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jicho lione, kisha akalipa kope ili lijue pia kufumba. Yeye huyaona yaliyo wazi na yaliyositiriwa, wala hamfedheheshi mja wake kwa kila analoliona. Kwake tunaomba ulimi ulionyooka katika kuyasimulia haya.

Kwanza tuwataje wahusika, msomaji asipotee njiani. Suzan alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita huko Runazi, wilaya ya Biharamulo. Mjomba wake Emilian alikuwa mpiga picha mwenye kibanda kando ya gulio, mtu mwema ila mwepesi wa kuchoshwa. Mzee Pancras alikuwa mgeni katika kata hiyo. Alikuwa amehamia miezi mitatu iliyopita kutoka Kibimba, wilaya ya Ngara, kuishi kwa mwanawe Thobias. Thobias mwenyewe alikuwa machimboni Geita, kwa hiyo mzee alitunzwa na mkamwana wake Bernadetha, ambaye majirani humwita Mama Ntwari. Wa mwisho ni Adelfina, binti wa mzee, aliyeolewa hukohuko Kibimba. Ukimtoa Thobias aliyekuwa mbali, hao ni watano, na kwa ghasia iliyotokea walitosha kabisa.

Kila Jumamosi, siku ya gulio, Suzan alifagia uwanja wa nyumbani, akateka maji, kisha akaenda kumsaidia mjomba wake. Kazi yake ilikuwa kushika kitambaa cha buluu nyuma ya watu waliokuja kupiga picha ndogo za kubandika kwenye fomu.

"Suzan! Nimesema unyooshe kitambaa, si ukitikise kama unafukuza kuku."

"Mkono umechoka, Mjomba."

"Mkono wako umechoka, na mimi nimechoka mwili mzima." Akamgeukia mteja. "Baba, tafadhali usifumbe macho. Hii ni mara ya nne."

Wiki hiyo mwalimu alikuwa amewaagiza wanafunzi walete picha za watu wa kata yao, zibandikwe ukutani siku ya mahafali ya darasa la saba. Mjomba alimpa Suzan picha sita za kuchagua, naye akazikataa zote.

"Watu wakijua wanapigwa picha hukauka kama nguzo za umeme," alisema. "Mimi nataka picha ya mtu asiyejua."

Emilian alishusha kamera yake, akapumua kwa nguvu. "Picha ya mtu asiyejua ina uhai, hilo ni kweli. Lakini haijawa yako mpaka umwonyeshe mwenyewe. Ukishapiga, mfuate. Mwambie shikamoo, nimekupiga picha, hii hapa. Akikunja uso, ifute mbele yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia, au umeitikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Alikuwa ameitikia tu. Mjomba alimwachia simu yake, akabeba kamera kubwa, akaenda kupiga picha za harusi.

Nyuma ya mashine ya kusaga nafaka Suzan alimwona mzee asiyemjua, ameketi juu ya gogo, amewapa mgongo wapita njia. Alikuwa anakula kutoka bakuli dogo, upesi upesi, huku ameishika kofia karibu na mdomo kama mtu anayejificha. Unga uliopeperuka mlangoni ulikuwa umeshika mwanga wa jua, na kila kunyanzi la shavu lake lilionekana. Suzan akainua simu. Akapiga mara moja tu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Hakumfuata mzee. Alijiambia kwamba mzee ana shughuli zake. Kisha, pasipo kuulizwa na mtu, akaandika chini ya picha: "Njaa haijui mzee," akaiweka kwenye status ya simu ya mjomba wake, ambayo wateja wote wa kibanda huiona. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu mia moja na arobaini. Wengine waliandika "Maskini!" Mmoja aliuliza: "Huyu si babu wa kwa Thobias?" Suzan alisoma yote kwa furaha, akamrudishia mjomba simu yake bila kusema neno. Naye Emilian, aliyerudi harusini amechoka, hakuwa na desturi ya kujitazama mwenyewe kwenye status.

Hapa ni lazima tueleze jambo. Kwa wazee wa Ngara na wa Biharamulo, mtu mzima kula njiani ni aibu kubwa. Mwenye nyumba hula nyumbani. Anayetafuna mbele za watu huitangazia dunia kwamba mpishi wake hana chungu, au anacho na amekifunika. Suzan alikulia katika desturi hiyo. Mama yake mwenyewe alikwisha kumkanya kwa sababu ya hindi la kuchoma. Kwa hiyo hakukosa kwa kutojua. Alijua, lakini picha nzuri ikamsahaulisha.

Jumapili, watu walipotoka misa, Emilian alikuwa anafungua kibanda na Suzan anafagia mlangoni. Bernadetha akaja, kitenge kimefungwa upande, hatua ndefu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Emilian."

"Milele na milele, Mama Ntwari. Karibu..."

"Sikaribii. Nimekuja kukuuliza, mimi nilikukosea nini?"

Akamnyooshea simu. Emilian akaitazama picha, akasoma maneno, akafungua simu yake mwenyewe, akayakuta yaleyale. Akafumba macho kama wale wateja wake.

"Suzan. Njoo hapa. Haya ni maneno ya nani?"

"Yangu, Mjomba."

"Ulimwonyesha huyu mzee?"

Suzan akaangalia ufagio.

"Ulimwuliza kama ana njaa?"

"Hapana."

"Ulijuaje basi?"

"Alikuwa anakula haraka haraka."

"Na mimi nakula haraka haraka! Kila siku, kwa sababu yako! Nani ameandika kwamba nina njaa?"

Bernadetha hakucheka. "Mlangoni mwa kanisa wameniuliza namlisha nini baba mkwe wangu. Nimevumilia. Lakini wifi yangu Adelfina ametumiwa picha huko Kibimba, akapanda gari tangu alfajiri. Sasa hivi yuko nyumbani anafunga mizigo ya Baba, waondoke na gari la saa nane. Anasema mzee hatalala tena kwenye nyumba ya njaa." Akaitia simu kwenye pindo la kitenge. "Na kuna jambo ambalo ningelisema, maneno yote yangeisha. Lakini Baba alinikataza kulisema, na mimi nilimwahidi."

Emilian akafunga kibanda. Walitembea mwendo wa haraka, na njia nzima hakunyamaza. "Nilikwambia mfuate. Nilikwambia mwonyeshe. Nikauliza umesikia. Mungu wangu, nikauliza mara mbili!" Suzan alimfuata huku machozi yakimlengalenga.

Walimkuta Adelfina anakaza kamba kwenye begi la baba yake. Mzee Pancras alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, amevaa koti lake, macho chini. Suzan alipiga magoti akaamkia.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," walijibu, mmoja kwa upole, mwingine kwa ukali.

"Mimi ndiye niliyepiga ile picha. Sikumwuliza Babu. Na yale maneno ya njaa niliyatunga mimi. Mama Ntwari hana kosa. Naomba mnisamehe."

Adelfina alizidi kuikaza kamba. "Maneno umeyatunga, sawa, wewe ni mtoto. Na kule kula umekutunga pia? Baba yangu ana migomba yake Kibimba! Leo anakula amejificha nyuma ya mashine kama mwizi wa mihogo! Nyumba yenye chakula haimtoi mzee nje kwenda kula. Haya, wifi, nijibu. Sema neno."

Bernadetha alifungua mdomo, akamtazama mzee, akaufunga.

"Mnaona? Hana la kusema."

"Futa hiyo picha," Emilian alimnong'oneza Suzan kwa hasira, akimpa simu. "Angalau hilo ulifanye."

Suzan aliifungua ili aifute, na vidole vyake vikaikuza. Ndipo kwa mara ya kwanza akaiona picha aliyoipiga mwenyewe. Juu ya magoti ya mzee palikuwa na kitambaa cheupe, kimepigwa pasi, kimedariziwa maua pembeni. Ndani ya bakuli mlikuwa na maharage na mboga zilizokatwa ndogo ndogo, kama anavyokatiwa mtu ambaye meno yake yamepungua. Na katika mfuko wa koti ilichungulia kadi ya kliniki, imeandikwa kwa kalamu nyekundu saa za kula na saa za dawa.

Suzan akaelewa. Maneno yalimfika ncha ya ulimi. Angeiinua simu tu, wote wangeiona kadi, naye angesalimika papo hapo. Lakini kadi haikuwa yake. Akameza maneno yale, akasogea mpaka kwenye kigoda, akainama.

"Babu, naomba nikuonyeshe wewe kwanza. Jana sikufanya hivyo."

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Kidole chake kikasimama juu ya kadi.

"Umemwonyesha nani hii kadi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijamwonyesha mtu, Babu. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

Mzee Pancras alimtazama mtoto, kisha akamtazama mkamwana wake, aliyesimama na aibu isiyo yake. Akashusha pumzi ndefu.

"Adelfina, iache hiyo kamba. Njoo uone."

Akamweleza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kliniki walimwagiza ale kidogo kidogo kwa saa maalumu, popote saa itakapomkuta. Kila alipotoka, Bernadetha alimfungia chakula. Kula njiani aliona aibu, ndiyo maana akajificha.

"Sukari? Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na uliponiambia unakuja huku kumsaidia wifi shamba?"

"Nilikuja kwa ajili ya kliniki. Ningekwambia, ungeninyang'anya jembe."

Adelfina akajishika kiuno. "Jembe! Nimepanda gari bila kunywa chai, nimemtukana mke wa kaka yangu mbele ya majirani zake, kwa sababu ya jembe!" Kisha hasira ikamwishia, akamwendea Bernadetha, akamshika mikono. "Wifi, nisamehe. Umebeba siri ya Baba na matusi yangu kwa pamoja."

"Nimekusamehe," Bernadetha alisema, akijifuta macho. "Lakini tumpe Baba chakula kwanza. Saa yake imepita, na ninyi mnaongea."

Chakula kililetwa. Mzee alinawa, akala mbele ya wote pasipo kofia mdomoni. Katikati ya kula akamwita Suzan.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Mtu usiyemjua si gogo la kukaa mbele ya kamera yako. Ana nyumba nyuma yake, ana mtu aliyempikia, na ana jambo analolificha. Picha ya mtu asiyejua inastahili kupigwa pale unapokuwa tayari kuitia mkononi mwake, na mkono wako usitetemeke. Kisha itazame vizuri kabla hujaiandikia neno. Wewe uliandika njaa, na kitambaa cha mkamwana wangu kilikuwa humo humo, kinakungoja ukione."

"Nimesikia, Babu," alisema Suzan. Emilian alimgeukia, akamchunguza usoni, na safari hii hakuuliza tena.

"Yale maneno yafute," mzee aliendelea. "Kadi uifiche, iwe ya watu wa nyumba hii. Kisha iweke picha palepale, wale walioona jana waone tena, na uandike: Mzee Pancras akila chakula alichofungiwa na mkamwana wake Bernadetha. Maneno ya kwanza yalikuwa uongo."

Suzan aliandika, akamwonyesha mzee, mzee akamsomea Bernadetha kwa sauti, ndipo ikawekwa.

"Na ya shule, Babu, naweza..."

"Huyu mtoto!" Emilian alipaza sauti, mikono kichwani.

Mzee akacheka. "Hiyo, hapana. Njoo kesho kutwa shambani. Mimi nitakuwa nalima, wala sitakutazama. Piga upendavyo, kisha niletee nione."

Kesho yake asubuhi Adelfina alirudi Kibimba kwa gari la kwanza, amebeba maelezo yote ya kliniki katika daftari. Mizigo ya mzee ilibaki Runazi.

Mwenyezi Mungu amfikishe salama aliyesafiri, na awabariki waliobaki katika nyumba ile: amzidishie afya mzee, amlipe mema mkamwana aliyetunza ahadi huku akitukanwa, ampe mpiga picha subira ya kutosha, na ampe mtoto jicho linaloona kwa huruma. Nasi tusomao, atusitirie aibu zetu kama tunavyositiri za wenzetu. Amina.