Fidla ya Kinuni

Signy alikuwa amechoka. Tangu Januari ianze theluji haikukoma, na tangu chuo cha muziki wa kienyeji kimpeleke kwa Bibi Aslaug kujifunza nyimbo za zamani kwa sikio, alikuwa akiamka na fidla na kulala na fidla. Vidole vimeota sugu. Shingo ilimuuma hata akinywa supu.

"Weka chini," Bibi Aslaug alimwambia jioni ile. "Unapiga kama mtu anayepasua magogo. Nenda kinuni ukalete kuni, akili ipumzike."

"Bibi, giza limeingia."

"Giza limeingia tangu Novemba, mwanangu. Tugande tukisubiri mwanga?"

Kinu cha zamani cha kusagia nafaka, ambamo sasa waliweka kuni, kilikuwa kando ya maporomoko ya maji, nayo yalikuwa yameganda. Kimya.

Halafu akasikia fidla.

Ndani, juu ya jiwe la kusagia, alikaa mwanamume akipiga fidla. Nywele zake zilichuruzika maji... katika baridi ile! Palinuka matope ya mtoni.

"Umechoka," alinong'ona.

Signy nusura alie. Mwezi mzima hakuna aliyemwambia hivyo. "Sana."

"Lete mkono. Ukiupiga wimbo huu, hutachoka tena."

Vidole vya mwanamume vilikuwa baridi kama samaki. Akamkabidhi Signy fidla yake, na wimbo ukaja wenyewe. Uchovu ukamtoka kama nguo. Alipiga, akapiga... Nyuzi za chini, zile zisizoguswa na upinde, zikaanza kulia kwa sauti ya mtu.

Akataka kuacha.

Mkono ukakataa.

Damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye kiwiko alipoona mwanga wa taa. Bibi Aslaug aliingia akihema, akachomoa kisu, akakata nyuzi zote. Mikono ya Signy ikaanguka.

Juu ya jiwe yalibaki maji tu.

"Nani kakupa hii?" Bibi alinong'ona. Aliigeuza fidla, akapapasa alama iliyochongwa mgongoni. "Ya kaka yangu Tarjei. Alipiga harusini mpaka akadondoka, akafa. Tulimzika nayo."

"Basi ni yeye niliyemwona?"

"Alikuwa na ndevu?"

"Hakuwa nazo."

"Basi si Tarjei. Ni yule wa maporomokoni aliyemfundisha."

Asubuhi Bibi alimpandisha basi, vidole vimefungwa vitambaa. "Usipige chochote, umenisikia? Hata kuimba, usiimbe."

Signy alikaa nyuma ya dereva, midomo ameibana. Hakuwa na nguvu hata ya kuogopa. Redio ilikuwa imezimwa, na abiria mwingine hakuwapo.

Walipopita daraja, dereva akaanza kupiga mluzi.

Wimbo ule ule.

"Kaka," Signy aliuliza, "huo umeusikia wapi?"

Dereva alimtazama kwenye kioo, akacheka kidogo.

"Unanitania, dada? Si wewe unayeuimba tangu upande?"