Bangili za Ranjanben

Kila asubuhi Ranjanben alichemsha chai ya maziwa, akawasha udi mbele ya picha za miungu, kisha akashuka dukani na mumewe, Harilal. Duka lao la khanga lilikuwa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Biashara ilikuwa huria miaka hiyo, na mzigo kutoka India ulifika karibu kila wiki. Ranjanben alikunja khanga doti kwa doti. Bangili zake za dhahabu zililia kila alipokunja. Alikuwa na nne kila mkono, alizovishwa siku ya harusi, mwaka 1970.

Kisha figo zake zikafa. Kisukari kilikuwa kimeziharibu polepole kwa miaka mingi. Mara tatu kwa wiki akawa anakwenda Upanga, kwenye kituo binafsi cha kusafisha damu. Alilala kwenye mashine saa nne nzima.

Mashine inahitaji damu nyingi inayokwenda kasi. Kwa hiyo daktari alimvua bangili za mkono wa kushoto kwa sabuni, akamuunganishia mishipa miwili karibu na kiganja. Muuguzi mmoja akamwambia, huku tayari anaelekea kwa mgonjwa mwingine, "Mama, mkono huo usivae kitu."

Kwa nini? Hakusema. Ranjanben aliitikia kwa kichwa. Kidonda kilipopona, akazivaa tena.

Usimcheke, msomaji. Katika ukoo wake, mke hukaa na bangili mpaka mume afe. Akifiwa, zinavunjwa. Mkono mtupu ni mkono wa mjane. Ranjanben hakuwa mkaidi. Alikuwa anamlinda mume wake.

Usiku aliulalia mkono ule, na bangili zikaubana mshipa. Haikupita miezi miwili, damu ikaganda ndani yake. Daktari akamwekea mpira mwembamba wa kupitisha damu shingoni ili mashine iendelee. Mpira ukaleta homa. Mara ya kwanza alitetemeka siku tatu. Mara ya pili alimtazama Harilal, asimjue ni nani.

Siku moja muuguzi mgeni kituoni, Evarista, alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Mimi nimechoka. Niache nife tu."

"Nani alikueleza kwa nini mkono usivae kitu?"

"Hakuna mtu."

Evarista alisogeza kigoda karibu zaidi. Uso ulimshuka kwa aibu. "Basi kosa ni letu, mama. Tulikuamuru, hatukukueleza."

Kitanda cha pili alilala mzee Seifu, fundi cherehani, ambaye naye aliunganishwa mishipa ya mkono. Evarista alimwomba ruhusa, akachukua vidole vya Ranjanben akaviweka juu ya mkono wa mzee huyo.

"Unatetemeka!" alishtuka Ranjanben. "Kama friji!"

"Huo mtetemo ndio uzima wa mshipa," alisema Evarista. "Kitu chochote kikibana, bangili, saa, kamba ya mfuko, damu inasimama na kuganda. Usiulalie. Usibebee mzigo. Mtu asikupime presha wala kukutoa damu mkono huo. Na kila asubuhi uuguse. Usiposikia mtetemo, usingoje siku yako ya mashine. Njoo saa hiyo hiyo."

"Na wangu?"

"Wa kushoto umeshakufa. Umebaki wa kulia, nao inabidi uunganishwe mishipa hivyo hivyo. Mpira wa shingoni si wa kukaa nao, mama. Homa ya tatu inaweza kukuua."

Lakini mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Sabuni ilishindwa, mafuta yakashindwa. Daktari akasema hapasui mpaka bangili zikatwe.

"Zikatwe?" Ranjanben alilia. "Mume wangu yuko hai!"

Alikataa wiki mbili. Hakushuka tena dukani. Alilala akitazama ukuta, na Harilal alikaa chini kando ya kitanda. Mwisho alikwenda kituoni peke yake. "Sista," alisema, "nieleze na mimi kama ulivyomweleza yeye." Evarista alimweleza yote, tangu mwanzo.

Kesho yake Harilal alimpeleka mkewe kwa sonara, mzee Kasmir. Kasmir alitikisa kichwa. "Hapana, ndugu yangu. Kukata bangili za mke ambaye mumewe amesimama hapa? Mimi siwezi."

"Basi nipe msumeno."

Harilal aliushika mkono wa mkewe. "Ranjan, nitazame mimi. Anayekata ni mimi. Niko hai."

Bangili ya kwanza ilipokatika, Ranjanben alipiga yowe kama yuko msibani. Harilal naye alilia. Hakuacha mpaka ya nne.

Mkono ukapasuliwa. Baada ya miezi miwili na nusu sindano ya mashine iliingia vizuri, na mpira wa shingoni ukatolewa. Homa haikurudi. Pale kituoni sasa kila mgonjwa mpya hushikishwa mtetemo kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Evarista aliligombania jambo hilo mpaka likakubaliwa.

Ugonjwa haukuisha. Ranjanben bado anakunywa maji kwa kipimo. Siku nyingine anashindwa kupanda ngazi za nyumbani. Mkono wa kushoto amevaa bangili zake, wa kulia ni mtupu.

Juzi jirani yake Falguni, aliyekuwa safarini mwaka mzima, alimkuta ngazini. Aliuona mkono ule mtupu, wa kushoto ukiwa umefunikwa na mtandio, akadondosha kikapu.

"Lini?" alianza kulia. "Harilal amekufa lini?"

Ranjanben alivishika vidole vya jirani yake, akaviweka juu ya mshipa unaotetemeka.

"Harilal yuko dukani," alisema. "Aliyekuwa anakufa ni mimi, Falguni. Ni mimi."