Vitamini za Cibalonza

— Leta kidole, papa. Mama Louise aone mwenyewe.

Barthélemy akacheka, akanyoosha mkono. Masaa mawili tu yalikuwa yamepita tangu amalize fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mkewe, Cibalonza, aliuza vitamini kwenye kibanda chao pale mtaani Birere, na siku hiyo alitaka mteja wake, Mama Louise, aone jinsi zinavyoshusha sukari baada ya chakula. Mfano wake alikuwa mumewe, mgonjwa wa sukari tangu mwaka ule volkano ilipolipuka.

Akamchoma, akaweka tone la damu kwenye mashine.

412, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

— Mashine imeharibika, akasema Cibalonza.

Akampima tena. 409. Haikuwa mashine.

— Barthélemy, ile dawa ya muganga wa hospitali ulikunywa asubuhi?

— Niliacha.

— Tangu lini?

— Tangu waasi waingie mjini. Farmasi zilikuwa zimefungwa. Na weye kila siku unaambia batu vitamini zinatosha. Nikaanza kunywa zako.

— Nilikuwa naambia wateja. Sikukuambia weye.

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Barthélemy akamkazia macho.

— Basi kwangu iko uongo, kwao iko dawa?

Mama Louise akarudisha chupa ya vitamini mezani, akaondoka bila kuaga.

Walichukua pikipiki hadi kituo cha afya. Muuguzi hakukemea. Aliuliza tu ni nani aliyemwambia mgonjwa aache dawa.

— Ni miye, akasema Cibalonza.

Barthélemy alilazwa. Siku tatu nzima hakumsemesha mkewe. Alikula alicholetewa, kisha akageukia ukuta. Siku ya nne Cibalonza akaketi ukingoni mwa kitanda, akaandika ujumbe, akautuma kwa wateja wake wote:

"Niko Cibalonza wa Birere. Vitamini zangu haziponyeshi sukari. Kama uliacha dawa sababu yangu, rudi kwa muganga leo. Kunisamehe kunaweza kungoja."

Simu ikaanza kuita. Wa kwanza alimtukana. Wa pili alilia tu. Ilipoita mara ya tatu, Cibalonza aliitazama mkononi ikiita, akashindwa kupokea.

Kitanda kikalia. Barthélemy alikuwa ameinuka. Akaitoa simu taratibu mkononi mwake, akaiweka sikioni.

— Allo, mama. Niko bwana yake. Ndiyo, alikosa, hata miye nilikosa. Sasa niambie, leo umeshapima sukari?