Ng'ombe wa Kwenye Simu

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kufungia mbuzi, Nyanjige alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yao kule Kasoli. Juu ya kichuguu hicho ndipo mtandao ulipokamata vizuri. Baba yake, Machibya, alikaa chini kwenye kigoda akichambua pamba, safi huku, chafu kule, akisubiri habari.

"Haya, karani wangu," alisema. "Dunia inasemaje leo?"

Simu ilikuwa ya kaka yake Nyanjige, Joakim, ambaye aliiacha nyumbani alipokwenda kusomea ufundi Mwanza. Kabla ya kuondoka alimfungulia baba yake anwani ya barua pepe. Baba alijua kusoma, ila herufi ndogo za simu zilimsumbua macho, kwa hiyo kazi hiyo akampa Nyanjige, aliyekuwa darasa la sita. Barua nyingi zilikuwa za watu wasiowajua. Mara wanauza dawa ya upara, mara wanasema Baba ameshinda gari.

"Gari?" Baba aliuliza huku akicheka. "Waulize wameliegesha wapi, juu ya kichuguu?"

Lakini jioni hiyo barua ilikuwa tofauti. Nyanjige aliisoma kwa sauti.

"Ndugu mfugaji, nunua ng'ombe katika shamba letu la kisasa. Sisi tutamchunga na kumlisha. Ndama na fedha za maziwa ni zako. Kila mwezi tutakutumia picha ya ng'ombe wako; ya kwanza hii hapa."

Baba aliacha kuchambua pamba. Habari za gari zilimchekesha, lakini hii aliielewa. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe waliochungwa na rafiki yake, Mzee Maige, kule Kiloleli, kwa sababu Kasoli mashamba ya pamba yalikuwa yamemeza malisho. Ndivyo wazee wake walivyofanya tangu zamani. Unampa mwenzako ng'ombe amtunze. Yeye anakunywa maziwa, wewe unapata ndama.

"Hawa watu wana akili kama ya kwetu," Baba alisema, uso umemng'aa. "Endelea, mayu, mama yangu."

Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja zaidi: *Usimshirikishe mtu yeyote jambo hili.* Nyanjige aliusoma kimoyomoyo. Haukumpendeza. Kisha akamtazama baba yake akitabasamu pale chini. Hakuwahi kumletea habari nzuri kama hiyo.

"Umemaliza?" Baba aliuliza.

"Nimemaliza, Baba."

Kufikia mwisho wa wiki Baba alikuwa ameamua. Angemuuza Pamba mnadani, kisha fedha azitume kwa watu wa shamba. Pamba alikuwa mtamba wao pekee pale nyumbani, mweupe tangu kwato hadi pembe, aliyezaliwa wakati wa mavuno.

"Baba Joakim, huyo ng'ombe mpya umemwona?" Mama aliuliza huku akisonga ugali.

"Nimeona picha yake. Kanona huyo!"

"Na hiyo picha utaikamua wapi?"

Baba alicheka mpaka akakohoa, lakini hakubadili nia. Nyanjige hakucheka. Alitoka akaenda zizini. Pamba akamlamba kiwiko kwa ulimi wake wa kukwaruza, kama alivyozoea. Kesho ilikuwa siku ya mnada.

Kabla jua halijazama, mtu aliingia uani akisukuma baiskeli. Alikuwa Mzee Maige, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga ngozi iliyokauka.

"Mwadila, Machibya," alisalimu.

"Mwadila, Maige! Karibu. Mbona umebeba mzigo?"

Mzee Maige aliifungua ngozi na kuitandaza chini taratibu. "Ndama wa yule mwekundu. Alivimba tumbo. Nilimwita bwana mifugo, lakini hatukuwahi."

Baba alichuchumaa. Kwenye ngozi lilikuwa limeachwa sikio, na juu ya sikio kulikuwa na alama ya mkato wa nyumba yao. Aliipapasa kwa kidole. "Pole kwa kuhangaika naye," alisema.

"Pole ni yako. Ndama alikuwa wako."

Nyanjige alimletea mgeni maji. "Babu," aliuliza, "umetoka Kiloleli kwa baiskeli kwa ajili ya ngozi tu? Si ungepiga simu?"

"Ningepiga, mjukuu wangu. Lakini mngejuaje kwamba sikumuuza?" Mzee Maige alikunywa maji yote, akajifuta ndevu. "Baba yako hajawahi kunidai ngozi hata mara moja. Ndiyo maana naileta."

Nyanjige aliitazama ngozi. Akawaza juu ya ng'ombe wa kwenye picha. Akifa, nani angeendesha baiskeli kuja Kasoli? Machozi yakaanza kumtoka.

"Baba," alisema, "kuna mstari sikukusomea."

Alileta simu akausoma. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Usimshirikishe mtu?" Mzee Maige alishangaa alipoelezwa habari yote. "Machibya, siku niliyochukua ng'ombe wako, ni nani hakuwepo hapa?"

"Labda yule mgonjwa aliyekuwa amebebwa kwa machela kwenda hospitali," Baba alijibu. "Wengine wote waliona." Kisha akamgeukia binti yake. "Panda kichuguu, uwaandikie. Waambie nataka kuja kumwona ng'ombe kabla sijalipa. Watutajie kijiji na mwenyekiti wake."

Jibu lilikuja upesi. Nyanjige alilisoma lote bila kuruka neno. "Wageni hawaruhusiwi. Tuma fedha leo, nafasi zinaisha. Tutumie pia namba yako ya siri ya simu ili tukusajili."

"Namba ya siri!" Mama alisema. "Hao wanataka kuchunga mpaka mifuko yako."

Hapo hata Nyanjige akacheka, ingawa pua ilikuwa bado imeziba. Walimpigia Joakim kwenye simu yake mpya, naye akamwelekeza dada yake jinsi ya kumzuia mtumaji asiandike tena na kuifuta barua ile.

Mgeni alipokuwa akinawa mikono ili ale, Nyanjige alimsogelea baba yake. "Baba, mimi si karani wako tena?"

Baba alimkalisha karibu naye. "Ulitaka kutufurahisha, najua. Lakini usiponisomea yote, ni kama umenifumba macho kisha unaniambia nitembee. Karani mwaminifu husoma na yale yasiyopendeza. Na mimi pia nimekosea, kwa sababu mama yako aliuliza swali zuri, nami nikacheka tu. Mtu anayetaka mali yako, jiulize utampata wapi siku mambo yakiharibika. Akikuambia ufanye siri, basi ndiyo uwaambie watu wa nyumbani kwako upesi. Na namba ya siri hapewi mtu, hata akijiita nani."

"Nimesikia, Baba."

Asubuhi ya mnada Pamba alitoka zizini kama siku zote, akaenda kunywa maji pamoja na mbuzi. Jioni, Nyanjige alipanda tena kichuguu.

"Haya, karani wangu. Soma mpaka mwisho."

"Umeshinda gari jingine, Baba. Halafu kuna salamu za Joakim, anasema anaumwa jino. Halafu..." Nyanjige aliinamia kioo cha simu. "Halafu hapa chini kabisa, kwa herufi ndogo sana, simu inasema chaji inakwisha."

"Vizuri," Baba alisema, akichukua pamba nyingine. "Na hiyo nayo ni habari."