Utando wa Wilf

Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Niliporudi saa kumi na nusu, giza la Januari lilishaanza kuingia Liverpool. Nikamkuta mwenye nyumba wangu, Bi Hesketh, amesimama jikoni bila kuvua koti. Mbele yake kopo la biskuti lilikuwa wazi.

"Funga mlango, Msomi," akanong'ona. "Utando umelowa."

Msomi ndiye mimi. Aliniita hivyo tangu siku nilipoucheka ule utando. Mwanawe Wilf, mchochea makaa melini, alizaliwa nao umemfunika uso, na mabaharia wa hapa huamini kwamba mwenye nao hafi maji. Walimbembeleza mama auuze, akakataa. Akaukata vipande viwili: kimoja Wilf alikishonea ndani ya mkanda wake, cha pili kilikaa koponi, kikavu kama karatasi. Kikilowa, Wilf yumo majini.

Nikachungulia. Kilikuwa kinachuruzika...

Harufu ya mafuta mazito. Na chumvi.

Safari hii sikucheka. Kazi yangu ilikuwa kusogeza alama za meli kwenye ramani ya ukutani, katika handaki la wanamaji. Saa tisa, kabla sijatoka zamu, nilikuwa nimeiondoa meli ya Wilf kwa mkono wangu: imezama. Nyambizi za adui zilikuwa zimeuingilia msafara wa meli wa Gibraltar. Nami nilikuwa nimekula kiapo. Neno moja tu, jela.

"Ukilowa bado yu hai," Bi Hesketh akasema, akiuviringisha ndani ya soksi ya sufu ili upate joto. Alikuwa karibu kutabasamu. "Anaogelea, mjinga wangu yule. Manowari za ulinzi si zipo? Zitamwokota."

"Zipo, Bi Hesketh."

"Basi injika chai, usinitolee macho."

Tukangoja. Chai ikapoa.

Kisha kitu kikagonga. Kutoka chini.

Kikagonga tena...

Hapakuwa na ndege angani wala king'ora. Vikombe havikutikisika. Soksi tu ndiyo iliyoruka juu ya meza.

Alipoifunua, utando ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi. Nikatazama saa, kwa mazoea ya kazi. Saa kumi na moja na dakika nane.

Kesho yake taarifa ilikuwa mezani kwangu. Manowari ya ulinzi ilisikia kitu chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Nahodha akapita katikati yao akimwaga mabomu yanayolipukia kilindini. Saa kumi na moja na dakika nane. Watu walikuwa wanapunga mikono, aliandika, wakidhani anakuja kuwaokota. Hakuna aliyepona. Nyambizi haikuonekana. Huenda lilikuwa kundi la samaki.

"Andika wameuawa na kombora la adui," ofisa wangu akasema bila kuinua macho. "Wote."

"Kombora halikuwaua wote, afande."

"Wewe ulisomea Kilatini, binti. Hukusomea samaki."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri sana.

Jioni Bi Hesketh alikuwa amekaa mezani, nyuzi zinaelea koponi, kwenye maji ambayo hakuyatia yeye.

"Siri za serikali sikuulizi," akasema taratibu. "Ila marehemu mume wangu alitumikia manowari vita vilivyopita. Najua kinachopasua watu kutoka chini. Ni mabomu yetu, siyo?"

Nikaanza kukusanya vikombe. Hilo likamtosha.

"Kulikuwa na nyambizi imejificha chini ya Wilf?"

"Ndiyo."

"Waliipata?"

Harufu ya mafuta ilikuwa imejaa jikoni hadi macho yananiwasha. Alinikazia macho, hakupepesa hata mara moja.

"Waliipata, Bi Hesketh."

Akashusha pumzi. Mabega yakalegea, kidogo tu. "Afadhali," akasema. "Afadhali hivyo, mwanangu."

Koponi, kana kwamba yameusikia uongo wangu, maji yakaanza kupanda.